Kutega na Kutegua

Mwezi wa nne mwaka 2022 niliingia duka la pembejeo pale Uyole na hela ya mifuko minne ya mbolea, nikatoka na miwili. Muuzaji ni mtu wa karibu, tumeimba kwaya moja kwa zaidi ya miaka kumi, hana sababu ya kunipiga. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, ni vita. Kule meli hazipiti, wametega mabomu baharini." Nikapakia mifuko yangu kwenye bajaji nikaondoka, lakini maneno yale sikuyaacha dukani.

Mimi nafundisha fizikia sekondari, na nalima viazi mviringo upande wa Uporoto, ekari moja na nusu. Bahari ya Hindi nimeiona mara tatu tu maishani mwangu. Alikuwa akizungumzia vita vya Urusi na Ukraine, na hiyo Bahari Nyeusi wanayopakana nayo nilikuwa naijua kwenye ramani ya darasani. Ilinisumbua kwamba chuma kilichozamishwa kwenye maji ya mbali namna ile kinaweza kuamua kama shina la kiazi changu litakula au litalala njaa.

Mabomu ya ardhini nilikuwa nayajua. Nani asiyejua habari za panya buku wa pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, wanaofundishwa kunusa baruti? Walipelekwa Msumbiji wakafanya kazi bega kwa bega na watu, mpaka mwaka 2015 nchi ile ikatangazwa kuwa imeyamaliza maeneo yote ya mabomu yaliyojulikana. Lakini ardhi imetulia. Unaweza kuipima kwa kamba, ukapiga vigingi, ukasema hapa tumemaliza. Maji je? Unategaje kitu kwenye maji, na ukishakitega, mwingine anakiteguaje?

Neno lenyewe lilinirudisha utotoni. "Kitendawili!" "Tega!" Anayetega ana raha, amekaa na jibu lake kifuani. Jasho ni la anayetegua. Akishindwa anaambiwa atoe mji, na mji anautoa kweli, tena ule anaoupenda. Baharini mchezo ni huohuo, isipokuwa anayeshindwa anatoa meli pamoja na watu waliomo.

Nilianza kusoma usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Bomu la zamani, lile la duara lenye pembe, linaelea likiwa limefungwa kwa waya kwenye nanga iliyolala chini. Waya umekatwa kwa kipimo, ili bomu lisimame mita chache chini ya uso wa maji, mahali jicho halifiki lakini tumbo la meli linafika. Zile pembe zimefunikwa kwa madini laini ya risasi, na ndani ya kila pembe mna kichupa cha kioo chenye tindikali. Meli ikiigusa, pembe inapinda, kichupa kinavunjika, tindikali inamwagikia betri iliyokuwa kavu, na umeme unazaliwa sekunde hiyohiyo. Niliposoma hilo nilifunga kitabu kwa muda. Betri iliyokuwa kavu haiishi chaji. Inaweza kusubiri miaka mingi sana, hata waliogombana wakapatana na wajukuu wao wakaoana, na bado ikafanya kazi siku ya kuguswa. Ubunifu huo ni wa miaka ya 1860.

Sasa kulitegua. Hapa ndipo nilipomkuta babu yangu.

Babu mzaa mama alikuwa mvuvi Matema, kule Kyela, pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambako milima ya Livingstone inashuka mpaka majini. Alivua kwa kokoro. Siku hizi kokoro limepigwa marufuku, na ni haki, maana linakomba mpaka watoto wa samaki. Wakati ule lilikuwa ndilo shule na ndilo bati la nyumba. Ncha moja ya kamba inabaki ufukweni, mtumbwi unazunguka na nyavu, ncha nyingine inarudi ufukweni mbele kidogo, kisha watu wanavuta pande mbili kwa wimbo. Nyavu zinafagia kila kilichomo katikati. Nilipokuwa na miaka saba nilishikishwa kamba ile, na ngozi ya viganja ilichubuka siku ya kwanza tu.

Meli za kwanza za kufagia mabomu zilifanya hivyo hivyo. Meli mbili zinakwenda sambamba, katikati yake waya mrefu wa chuma unaburutwa chini ya maji. Waya ukikutana na ule uliofunga bomu, unaukata. Bomu linaibuka juu, na mabaharia wanalipiga risasi kutoka mbali. Waliofanya kazi hiyo walikuwa nani? Wavuvi. Mwaka 1910 jeshi la majini la Uingereza liliunda kitengo maalumu cha meli za uvuvi na wavuvi wake, kwa sababu maofisa walikubali jambo ambalo babu angewaambia bure: kuburuta kamba chini ya maji bila kuiona ni ujuzi wa mikono, na mikono hiyo ilikuwa tayari kwenye bandari za samaki kama Grimsby. Hata mtindo uliokuja kutumiwa kwa miaka mingi baadaye, ambapo meli moja inaburuta waya wenye ubao wa kuupeleka pembeni na boya la kuushikilia, uliitwa Oropesa, jina la meli ya uvuvi iliyoujaribia.

Nilimsomea mama sehemu hiyo kwa simu. Alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo baba angeweza."

Angeweza. Na angeweza kufa pia, kwa sababu meli inayofagia inatangulia yenyewe mahali ambapo bado hapajafagiwa. Hakuna namna ya kuliepuka hilo. Manowari kubwa zenye mizinga husubiri nyuma mpaka hizi ndogo zimalize.

Mwaka 1918 Wamarekani na Waingereza walitega mabomu yapatayo 70,000 kukatiza Bahari ya Kaskazini, kutoka Scotland kuelekea Norway, ili nyambizi za Wajerumani zisipite. Vita vikaisha mwaka huohuo, na mwaka uliofuata ikabidi watu warudi kuyatoa. Mengi yalikuwa na waya mrefu wa shaba uliosimama juu yake. Chuma cha meli kikigusa ile shaba ndani ya maji ya chumvi, hiyo ni seli ya umeme kamili, ileile tunayoiunda maabara kwa ndimu, msumari na kipande cha shaba. Umeme kidogo unapita na bomu linalipuka. Basi waliotumwa kwanza kujaribu kama inawezekana kufagia kitu kama hicho hawakwenda na meli ya chuma. Walichukua mashua mbili za matanga za mbao, Red Rose na Red Fern, wakaingia nazo katikati ya baridi ya mwezi wa kumi na mbili. Namna nilivyolelewa mimi, mtu aliyefanya jambo kama hilo huitwa kwa jina lake kwenye mkutano. Majina ya mashua nimeyapata. Ya watu waliokuwa ndani yake, sijayapata.

Kisha likaja bomu ambalo halina haja ya kuguswa, na hapa mtanivumilia, maana ndilo somo langu.

Meli ya chuma ni sumaku. Inapoundwa, kila nyundo inayogongwa na kila bati linalochomelewa hufanyika ndani ya uga wa sumaku wa dunia, na chuma kinaubeba ugasumaku huo. Mwishoni mwa 1939 meli nyingi zilizama kwenye milango ya bandari za Uingereza, mahali palipokwisha kufagiwa kwa waya, na hakuna aliyekuwa na hakika ni kwa nini. Halafu usiku wa tarehe 22 Novemba ndege ya Kijerumani ikadondosha bomu lake kimakosa kwenye tope la Shoeburyness, mdomo wa mto Thames. Maji yalipokupwa lilionekana limelala wazi. Kesho yake ofisa mmoja aitwaye John Ouvry na wenzake watatu walilifuata kwa miguu, na vifaa vya shaba nyeupe visivyoshikwa na sumaku, wakalifungua kipande kwa kipande. Ndani walikuta sindano ya sumaku inayosubiri meli ipite juu. Kitendawili kilikuwa kimeteguliwa kwenye matope, kwa bisibisi.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya fizikia. Meli zilizungushiwa nyaya zenye umeme ili kufuta sumaku yake. Kufagia nako kukabadilika: meli mbili za mbao zinakwenda pamoja, kila moja ikiburuta nyaya nene zinazoelea, na umeme unapigwa kwa vishindo ndani ya maji ya chumvi, kwa wakati mmoja. Bomu linadhani meli kubwa imefika, linalipuka peke yake.

Nilipowaeleza haya Kidato cha Pili kwenye mada ya sumaku, darasa lilikaa kimya namna ambayo halikai ninapochora mistari ya uga ubaoni. Msichana mmoja wa nyuma, mtoto wa Mufindi, akanyoosha mkono. "Mwalimu, meli ya kwanza ikipita bila kulipuka, si ndiyo njia imekuwa salama?"

Ni swali zuri kuliko alivyojua. Wategaji nao waliliwaza. Wakaweka ndani ya bomu kifaa cha kuhesabu: acha ya kwanza ipite, acha ya pili, ya tano, lipuka kwa ya sita. Wengine wakaongeza sikio la kusikia mlio wa injini, wengine kipimo cha mgandamizo wa maji unaoshuka meli inapopita juu. Ndiyo maana mfagiaji hapiti mara moja. Anarudi palepale, tena na tena, na kila anaporudi hajui imebaki namba ngapi. Na bomu la aina hii, lililolala sakafuni, likilipuka halitoboi meli tu. Linazaa puto kubwa la gesi linaloinyanyua meli katikati na kuiachia, uti wa mgongo wake ukakatika.

Yule msichana aliuliza tena, "Wanajuaje basi kwamba wamemaliza?" Nilimwambia ukweli: wanapunguza hatari mpaka kiasi ambacho mtu mwenye dhamana anakubali kutia sahihi.

Habari ya Wonsan inapaswa kufundishwa popote wanaposomea ukubwa wa majeshi. Oktoba 1950, Korea. Wamarekani walitaka kushusha askari bandarini hapo. Walikuta maji yamepandwa mabomu yapatayo 3,000 yaliyotoka Urusi, mengi ya mtindo wa kale kabisa, mengine yakiwa yametegwa na mashua za kienyeji. Meli za kufagia zilikuwa chache, kwa sababu baada ya vita kuu ya pili nyingi zilikuwa zimewekwa kando. Tarehe 12 mbili kati yake, Pirate na Pledge, zililipuliwa zikazama siku moja. Msafara mzima wenye askari maelfu ukabaki kupanda na kushuka baharini kwa siku kadhaa ukisubiri vyombo vidogo vimalize. Baada ya aibu hiyo Marekani iliunda meli mpya za kufagia, na katika zama za ndege za jeti iliziunda kwa mbao.

Mbao! Sisi tunaotoka kwenye misitu ya Sao Hill tunaijua mbao kama kitu cha kenchi, cha kitanda, cha jeneza. Sikuwahi kufikiri kwamba fundi seremala anaweza kuwa mtu wa lazima kwenye jeshi la majini. Waingereza baadaye walikwenda kwenye nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa plastiki, wakaanza na HMS Wilton mwaka 1973, na mataifa mengi yakafuata. Hata hivyo meli za Marekani za aina ya Avenger, zilizoanza kuundwa miaka ya 1980, zilikuwa bado za mbao, zikavikwa ngozi ya nyuzi za kioo kwa nje.

Siku hizi kufagia kwa kuburuta kumepungua, na badala yake wanayasaka, moja baada ya jingine. Meli inakwenda polepole ikitupa sauti chini ya maji na kusikiliza mwangwi. Kila umbo linaloshukiwa linaandikwa. Linaweza kuwa jiwe, friji bovu, pipa, au lenyewe. Kisha kinashushwa chombo kidogo chenye kamera kinachoongozwa kwa waya, au anashuka mzamiaji.

Hilo nalo lilinirudisha Matema. Mto Lufilyo ukifurika huleta magogo ziwani, na kokoro likinasa kwenye gogo vijana walitaka kuvuta kwa nguvu. Babu alikuwa anawazuia kwa mkono mmoja. Anavua shati, anaingia, anazama. Tulikuwa tunahesabu pumzi ufukweni. Chini kule, kwenye maji yaliyochafuka kwa tope la mafuriko, alipapasa nyavu jicho kwa jicho mpaka alipopata kilichoshika. Wazamiaji wa mabomu nao aghalabu hufanya kazi mahali wasipoona viganja vyao. Mwaka 2003, bandari ya Umm Qasr kule Iraq, walisaidiwa na pomboo waliofundishwa na jeshi la Marekani, ambao hutambua kwa mwangwi wao wenyewe kilicho chini ya mchanga. Njia ilipopatikana, meli ya kwanza iliyofunga gati ilikuwa Sir Galahad, imebeba msaada wa chakula, maji na dawa.

Narudi kwenye mbolea. Yule rafiki yangu wa dukani alikuwa amenipa nusu ya jibu. Bei zilianza kupanda mwaka 2021, kabla risasi haijalia, kwa sababu gesi asilia ilipanda, na urea hutengenezwa kwa gesi. Vita vilivyoanza Februari 2022 viliongeza juu yake vikwazo, bima za meli na hofu. Lakini hofu ile ilikuwa na mwili. Tarehe 26 Machi bomu lililokatika nanga lilionekana likielea karibu na mlango wa Bosphorus, kule Uturuki meli zinakopita kuingia Bahari Nyeusi, meli zikasimamishwa mpaka wazamiaji wa Uturuki walipolitegua. Siku mbili baadaye likapatikana jingine karibu na mpaka wa Bulgaria. Mwezi wa tisa meli ya Romania ya kufagia mabomu iliharibiwa na bomu. Hakufa mtu.

Mkataba wa The Hague wa mwaka 1907 unasema wazi kwamba bomu lililokatika nanga lazima lijizime lenyewe. Zaidi ya miaka mia moja imepita tangu hapo. Nikiwaza hilo napata hasira ambayo siwezi kuificha.

Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, meli iitwayo Razoni ilitoka Odesa na tani zaidi ya 26,000 za mahindi. Bahari haikuwa imesafishwa. Meli zilipita kwenye njia nyembamba iliyojulikana kuwa wazi, zikiongozwa na watu waliojua kila mita ya maji yale. Wiki moja baadaye, Nane Nane, nilikuwa viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya, nimebanwa kwenye umati, Rais akizindua ruzuku ya mbolea: mfuko wa urea wa kilo 50 kwa shilingi 70,000. Watu walipiga vigelegele. Nilipiga makofi nami, na akili yangu ilikuwa kwenye ile njia nyembamba.

Uingereza iliipa Ukraine meli mbili za kusaka mabomu. Mojawapo hapo awali iliitwa Grimsby, kama ule mji wa wavuvi. Zimeshindwa kufika nyumbani, kwa kuwa Uturuki, kwa mamlaka ya Mkataba wa Montreux wa 1936, haipitishi manowari za wanaopigana. Wale mabaharia wanafanyia mazoezi maji ya wengine wakati ya kwao yamejaa. Uturuki, Romania na Bulgaria zilitia sahihi Januari 2024 kuunda kikosi cha pamoja cha kuyasafisha, na hao ndio wanaozunguka kule.

Baba yangu alikuwa mtu wa njia, TAZARA, kati ya Makambako na Mbeya. Alfajiri walipanda kiberenge na kutangulia mbele ya treni, macho kwenye reli: skrubu iliyolegea, udongo ulioporomoka, ng'ombe aliyekufa. Abiria walioamka Mbeya na kunyoosha miguu hawakuwahi kujua kwamba kuna mtu alipita kabla yao akiwa na tochi na spana. Mwaka jana nilimpigia kumweleza kwamba zile meli za mbao za Marekani zilizokuwa Bahrain zimestaafishwa, na kwamba kazi ya meli hizo sasa inapewa vyombo visivyo na watu ndani.

"Kamwene, mwanangu," alianza, kama kawaida yake, tukasalimiana mpaka mwisho. Aliposikia habari akauliza, "Hicho chombo kikipotea, wanakwenda kukitafuta?" Nikamwambia inategemea. "Basi ni vizuri," akasema. "Sisi mzee mwenzetu mmoja tulimtafuta siku mbili." Sikuwahi kuisikia habari hiyo, na hakutaka kuiendeleza.

Mwezi wa kumi na mbili nilikwenda Matema kwa mjomba. Anavua usipa usiku kwa taa, hana kokoro. Asubuhi tulitoka na mtumbwi, na mkabala na mdomo wa mto nikaona dumu la njano la lita ishirini likielea limefungwa kwa kamba. Wafagiaji wa mabomu nao huacha maboya yenye bendera kuonyesha walikofika. Nikamuuliza mjomba kuna nini pale.

"Ni lile gogo la babu yako," akasema. "Lilimshinda. Akalifunga dumu ili wengine wapite mbali." Babu amefariki tangu 1998. Dumu lilikuwa jipya, na kamba yake ilikuwa ya nailoni, bado ina rangi.